Mbele ya Kuombea Gari, Tuangalie Kwanza Freni



Hapa kwetu Katuba tuko na desturi moja yenye wote tunaijua. Mutu akinunua gari ya kazi, ikuwe taksibisi ya kubeba watu ao kamio ya kubeba mizigo, haipitishe siku nyingi bila pasta kuitwa. Jamaa wanakusanyika mu parsele, wamama wanapika bukari na kuku, watoto wanapanda mu gari kujaribu viti. Pasta anaweka mukono juu ya kapo, anaomba, wote wanaitika amina, kisha tunakula. Mimi sikatae desturi hiyo. Kila kitu chenye Mungu anatupatia kinapashwa kurudishwa mbele yake na shukrani.

Lakini siku moja ya posho, chini ya muembe wa parsele moja ya Katuba, nilifundishwa jambo lenye sikufundishwa ku masomo ya Biblia. Leo nataka kuwaelezea jambo hilo, kwa maana linagusa jamaa nyingi za miji yetu ya shaba: Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, na wote wenye kupita njia ya Kasumbalesa.

MZEE ALIKATAA KUFUNGA MACHO

Ndugu mumoja wa kanisa letu alikuwa amenunua kamio ya okazio. Ilikuwa imefanya safari mbili, sasa aliona wakati wa kuiombea umefika. Kesho yake, kisha ibada, wangepakiza simenti na unga, na siku ya kwanza saa kumi ya usiku kamio ingeshika njia ya Kolwezi, karibu kilometre 300.

Tulisimama kwa duara. Katikati yetu kulikuwa shemasi mumoja muzee, fundi wa magari mwenye alitumika miaka mingi mu garaji ya Gécamines mbele ya kupata pansio. Niliinua mukono ili nianze kuomba. Mzee akasema:

«Baba pasta, unisamehe. Mbele tufunge macho, acha kwanza tufungue macho.»

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Aligeukia shofere, kijana wa miaka karibu 30, baba wa watoto watatu.

«Mwanangu, ile freni iko namna gani?»

Shofere aliangalia patroni, kisha akaangalia chini. «Iko bien, papa.»

«Nimekuuliza wewe. Sikuuliza patroni.»

Kijana alijibu na sauti ndogo: «Papa, ya nyuma, ku mukono wa kushoto, haishike. Nilishaambia patroni tangu majuma mawili.»

Mwenye kamio alikasirika kidogo, si kwa sababu ni mutu mubaya. Alikuwa na haya mbele ya wageni. Akasema: «Nilimwambia aende polepole tu. Muzigo iko nangoya, bantu banaisha kulipa. Akirudia, tutatengeneza.»

Mimi nilibaki na Biblia yangu mu mukono. Watu walifikiri ninangoja waelewane. Kumbe moyo wangu ulikuwa umerudi miaka miwili nyuma.

MANENO YA MAMA KU KITANDA

Miaka miwili mbele ya siku ile, niliombea taksibisi moja. Niliomba vizuri, na bidii, watu wakalia machozi. Sikuuliza kitu juu ya gari yenyewe. Hata sikujua mutu anaweza kuuliza. Kisha miezi miwili, taksibisi ile ilikosa freni ikaingia mu meza za wamama wenye kuuzisha pembeni ya njia. Hakuna mwenye alikufa, tunamushukuru Mungu. Lakini mama mumoja wa kwaya yetu alivunjika muguu. Mpaka leo anatembea na fimbo, na basani yake ya mikate hawezi tena kuibeba ku kichwa.

Nilienda kumuona ku hospitali. Nikamuambia vile sisi wachungaji tumezoea kusema: «Mama, ni kazi ya shetani.» Aliniangalia, hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema: «Baba pasta, konvoyere alisema bantu bote mu gari balikuwa banasikia freni inalia tangu asubui.»

Sikuwa na jibu. Kama watu wote walisikia chuma inasaga chuma tangu asubuhi, shetani alikuwa na lazima gani ya kujificha? Tulimupa kazi nyepesi.

Njo maana, chini ya muembe ule, nilifunga Biblia nikamuambia mzee: «Baba, tuonyeshe.»

FRENI INATUMIKA NAMNA GANI?

Vijana wetu wanapenda kujua gari inakimbia kilometre ngapi kwa saa. Wachache wanauliza namna gani inasimama. Tueleze kwa ufupi.

Ku magari madogo na ku taksibisi nyingi, freni inatumika na mafuta. Shofere anakanyaga pedale, mafuta inasukumwa ndani ya tiyo nyembamba mpaka ku magurudumu. Kule inabana plaketi juu ya diske, ao inasukuma garnitire ndani ya tamburi. Tiyo ikipasuka ao mafuta ikivuja, nguvu inapotea. Pedale inaenda mpaka chini, gari inaendelea.

Ku kamio kubwa wanatumia upepo wenye kubanwa. Motere inazungusha kompresere, kompresere inajaza tanki za chuma. Shofere akikanyaga pedale, upepo unatoka mu tanki na kwenda kusukuma freni. Freni ya namna hiyo ilianzia ku treni. Zamani, ili treni isimame, watu walitembea juu ya mabehewa wakifunga freni na mikono, behewa moja kisha lingine. Katika 1869 Mumarekani George Westinghouse alipata hati ya serikali kwa ajili ya freni ya upepo. Lakini ile ya kwanza ilikuwa na kosa: tiyo ikikatika, treni yote inakosa freni. Miaka michache tu kisha pale, aligeuza mupango wote: akafanya kwamba upepo ukipotea, freni inafunga yenyewe.

Kamio za leo zinafuata wazo hilo. Ku magurudumu ya nyuma kuna kopo za chuma, na ndani kuna resori yenye nguvu sana. Kazi ya resori ni kufunga. Upepo ndio unaikaza irudi nyuma, ili gurudumu lizunguke. Upepo ukikosa, resori inaachiliwa na gari inashikwa. Ni kwa sababu hiyo kamio yenye upepo wake umevuja usiku haitoke asubuhi mpaka tanki zijae. Wenye kuitengeneza walifikiri hivi: afazali gari ikatae kwenda kuliko ikatae kusimama.

CHINI YA KAMIO

Mzee aliomba mawe mawili makubwa, tochi, na choki ya mutoto wa masomo. Sasa musikilize vizuri, ninyi wenye magari na ninyi mashofere, kwa maana mambo haya hayaombe mashini ya bei kali.

Kwanza, upepo. Aliweka mawe ku magurudumu, mbele na nyuma. Akaomba motere iwashwe mpaka mushale wa upepo ufike karibu bari 8. Kisha motere ikazimwa. Akamuambia shofere afungue freni ya mukono, akanyage pedale na nguvu, aishikilie dakika muzima. Wakati huo mushale unaweza kushuka kidogo sana, karibu robo ya bari tu. Wa kwetu ulishuka zaidi ya bari moja. Hata watoto walisikia upepo unalia fsss kule nyuma.

Mzee alituambia na jambo hili: shofere akiendelea kukanyaga na kuachilia pedale motere ikiwa imezimwa, mushale utashuka. Ukifika karibu bari 4, taa nyekundu ao kengele inapashwa kumuonya. Kama taa imekufa ao mutu amekata waya juu kengele inasumbua, ni sawa kumufunga kinywa mulinzi wa usiku.

Pili, maji. Alifungua kifuniko kidogo chini ya tanki. Kulitoka maji yenye rangi ya chai, yakichanganyika na mafuta. Hewa tunayopumua iko na unyevu, zaidi wakati wa mvua. Ikibanwa, inaacha maji mu tanki. Maji yanakamata nafasi ya upepo na kuleta kutu. Inafaa kuyamwaga kila siku. Na mafuta kutoka pale ni alama kwamba kompresere imeanza kuchoka.

Tatu, fimbo ya freni. Kila kopo ya upepo iko na fimbo ya chuma yenye inasukuma mukono wa freni. Mzee alichora alama ya choki ku fimbo wakati freni imefunguka. Shofere akakanyaga, mzee akapima fimbo ilitoka urefu gani. Kila kopo iko na kipimo chake. Ku kopo nyingi za kamio kubwa, ikipita karibu santimetre 5, ni kusema freni imelegea, nguvu inaishia njiani. Na inafaa kushoto na kuume kulingane, kama sivyo gari itavuta upande mumoja. Kuume ilitembea. Kushoto fimbo haikutikisika hata kidogo.

Nne, mzee aliangaza tochi juu ya kopo ile ya kushoto. Akanyamaza. Kisha akaniita: «Baba pasta, kuya uone.» Nililala chini na kostimu yangu. Nyuma ya kopo kulikuwa bolo ndefu yenye kukazwa mpaka mwisho, na tiyo yake ya upepo ilikuwa imekunjwa na kufungwa na waya.

Bolo ile haiko mubaya kwa yenyewe. Inatumika kurudisha resori nyuma ili kamio yenye kuharibika ivutwe mpaka ku garaji. Lakini hapa ilitumika kwa kufanya safari. Ku njia, mupira wa ndani ya kopo ulipasuka, upepo ukavuja, resori ikafunga gurudumu. Kamio ikakataa kwenda, sawasawa vile ilitengenezwa kukataa. Shofere akakaza bolo, akafunga tiyo, akarudia nyumbani. Kisha ikapakizwa tena muzigo na bolo yake mule mule.

Tano, garnitire. Ku gurudumu la kuume la nyuma, fundi aliangalia unene wa garnitire, ulikuwa ungali unatosha. Lakini zilikuwa zimelowa grese yenye kutoka ku gurudumu. Garnitire yenye kunywa grese haishike, ni kama kujaribu kusimama ju ya sabuni. Kuipangusa na esansi haitoshe; inafaa kuibadilisha, na kubadilisha pia ile mupira wenye kuzuia grese, kama sivyo kisha juma moja itakuwa vile vile.

Mzee alitoka chini, shati yake nyeupe imechafuka. Akasema: «Ile kamio haina freni ya nyuma. Iko na freni ya mbele na bahati.»

KWA WENYE TAKSIBISI

Wenye taksibisi wasifikiri neno hili ni la kamio tu. Mafuta ya freni inakunywa maji ya hewa polepole, hata kama kifuniko kimefungwa. Ile wanaita DOT 4, ikiwa mupya, haipashwe kuchemuka mbele ya degree 230. Ikisha kuingiwa na maji kidogo, kipimo kinaweza kushuka mpaka 155. Ku mutelemuko freni inapata moto, mafuta inachemuka, inafanya povu, na povu haisukume kitu. Pedale inakuwa laini kama mukate. Kwa hiyo mafundi wengi wanashauri kuibadilisha karibu kila miaka miwili, hata kama haijapunguka.

Na hili tulisikie vizuri: kuna watu wenye wakikosa mafuta ya freni wanaweka maji ya sabuni, ao mafuta ya motere. Maji yanachemuka haraka na kuleta kutu. Mafuta ya motere inavimbisha mipira ya ndani na kuiharibu. Leo pedale itakuwa ngumu, utafurahi. Kesho haitakuwapo.

Mafuta ikipunguka mu kopo yake, usiongeze tu na kwenda. Uliza imeenda wapi: ao plaketi zimekwisha, ao inavuja. Na freni yenye kulia chuma kwa chuma haiimbe, inaita.

MUZIGO, MBIO NA MUTELEMUKO

Mwenye kamio alisema: «Nilimwambia aende polepole.» Kuenda polepole kunasaidia, ni kweli. Gari yenye kuenda kilometre 60 kwa saa inapita karibu metre 17 mu segonde moja, mbele hata shofere hajagusa pedale. Mbio zikizidishwa mara mbili, nguvu yenye freni inapashwa kumaliza inazidi mara ine. Muzigo ukizidishwa mara mbili, nguvu hiyo inazidi mara mbili. Kwa hiyo mwenye kuongeza tani juu ya kipimo na kuongeza mbio pia, anaomba freni kazi yenye haikufanywa kwa ajili yake.

Lakini kuenda polepole hakutengeneze freni yenye haiko. Na kila nguvu yenye freni inamaliza inageuka moto. Ku mutelemuko murefu, kama ile ya pande za Likasi, tamburi inapata moto, inapanuka, inaenda mbali na garnitire. Shofere anakanyaga zaidi, moto unazidi zaidi, mwisho kunatoka moshi na hakuna kitu. Wengine, ili kuchunga mazutu, wanatoa vitesi na kuacha gari iteremuke yenyewe. Ndugu, mazutu ya namna hiyo ni ya bei kali sana. Ingiza vitesi vya nguvu mbele ya mutelemuko kuanza, si katikati, ili motere isaidie kushika gari.

Tunajua namna njia zetu zimekwisha kututoa machozi. Katika mwezi wa pili 2019, ku njia ya Lubumbashi na Kolwezi, kamio yenye kubeba asidi ya kutumikia mu migodi iligongana na gari za abiria. Watu zaidi ya 15 walikufa, na wengine walichomwa na asidi ile. Tarehe 30 mwezi wa sita 2023, pale Londiani inchi ya Kenya, kamio yenye kontenere ilitoka ku njia ikaingia mu magari na mu wauzaji wa pembeni. Walikufa zaidi ya watu 50. Sitaje mambo haya ili nihukumu sababu yake, kila ajali iko na hesabu yake. Ninayataja ili tuone kitu kimoja: kamio kubwa ikipotea, wenye kulipa si wale wenye kuwa ndani tu. Ni mama mwenye meza ya nyanya. Ni mutoto mwenye kutoka ku masomo.

KARATASI HAISIMAMISHE GARI

Mwenye kamio alitoa karatasi yake ya kontroli tekniki. Ilikuwa ya kweli, tarehe yake haikupita. Ni vizuri, sheria ya njia ya inchi yetu, namba 78-022 ya tarehe 30 mwezi wa munane 1978, ingali inatuongoza, na Mukristo anaheshimu sheria. Lakini karatasi inasema gari ilikuwa namna gani siku ile ilipimwa. Garnitire haijue kusoma tarehe. Mupira wa ndani ya kopo unaweza kupasuka kesho yake. Mutu mwenye kuwa karibu na gari kila asubuhi ni shofere, na ulimi wa shofere unafungwa na woga.

Hapa tuseme ukweli. Kijana ule alijua. Kwa nini alijibu «Iko bien»? Kwa sababu kwenye kiingilio cha kila patroni kuna vijana kumi wenye permi mu mufuko, wanangoja. Akikataa safari, kesho mwingine anakamata usukani. Nyumbani bibi anauliza minerval ya watoto. Na sisi ku kanisa tunamufundisha kutii wakubwa. Basi anatii, anakaza bolo, anaenda.

NG'OMBE MWENYE DESTURI YA KUPIGA PEMBE

Wapendwa, tufungue Kutoka sura ya 21, mistari ya 28 na 29. Zamani za Musa hakukuwa kamio, lakini kulikuwa ng'ombe dume. Sheria ilisema hivi, kwa ufupi: ng'ombe akimupiga mutu pembe kwa mara ya kwanza na kumuua, ng'ombe anauawa, lakini mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe alikuwa na desturi hiyo tangu zamani, na mwenyewe alikuwa ameonywa, na hakumufunga, hapo hatia inapanda mpaka juu ya mwenyewe.

Muangalie neno linalogeuza yote: ameonywa. Kabla ya kuonywa, ni ajali. Kisha kuonywa, si ajali tena. Freni yenye kukatika gafula, bila alama yoyote, tunaweza kulia na kusema Mungu anajua. Lakini freni yenye shofere aliisemea tangu majuma mawili, hiyo ni ng'ombe mwenye kujulikana.

Tena Kumbukumbu la Torati 22:8 inaagiza mwenye kujenga nyumba aweke ukingo pembeni ya dari, ili mutu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba. Mungu hakusema: jenga tu, nitatuma malaika washike wenye kuanguka. Alisema: weka ukingo. Mwenye kuweka ukingo hakosi imani. Anapenda jirani yake na misumari na mbao. Na fundi mwenye kulala chini ya kamio anapenda jirani yake na ufunguo na choki.

TUFANYE NINI?

Tangu siku ile, ku kanisa letu tuliamua jambo ndogo. Mwenye gari ya kazi anaponiita kuiombea, ninakuja na mzee. Yeye anapita mbele, mimi ninapita nyuma. Na kila gari inapata daftari, hata ya mutoto wa masomo. Asubuhi shofere anaandika tarehe, kilometre, na hali ya freni, kisha anatia sahihi. Mwenye gari anasoma, anaandika jibu lake, naye anatia sahihi. Neno la kinywa linapotea na upepo. Lenye kuandikwa linabaki. Linamulinda shofere, na linamulinda patroni pia asidanganye moyo wake kwamba hakuambiwa.

Ninyi wenye magari: shofere akikuletea habari mubaya ya freni, umushukuru. Amekuokolea muzigo, gari, na damu. Ukimufukuza, wote wenye kubaki watajifunza kukuambia «Iko bien».

Ninyi mashofere: usikaze bolo kwa kwenda safari. Ukishikwa njiani, weka mawe, weka alama mbali nyuma ya gari, tafuta fundi.

Ninyi wamama: bwana wako akirudia akisema «Nimekataa safari, freni haiko», usimuulize kwanza pesa iko wapi. Mupe kiti na maji.

Ninyi abiria: mukisikia chuma inalia, museme. Watu kumi na tano wenye kunyamaza mu taksibisi moja ni kwaya mubaya.

Na sisi wachungaji: tusiweke mukono juu ya kapo bila kuuliza chini kuko namna gani.

KAMIO ILIENDA LINI?

Munataka kujua mwisho. Siku ya kwanza kamio haikuenda. Mwenye muzigo hakungoja. Alitafuta kamio ingine, na ndugu yetu alirudisha pesa yenye alikuwa ameisha kutumia nusu. Ilimuuma. Siku ya Mungu mbili hakunisalimia vizuri. Sitawadanganya kwamba Mungu alimulipa mara mbili juma lenye kufuata. Kopo mupya na garnitire zilimaliza akiba yake.

Lakini shofere hakufukuzwa. Siku ya ine ya juma la tatu waliniita tena. Mzee aliingia chini na choki yake, sisi wote tukasimama tukingoja. Shofere akakanyaga pedale dakika muzima. Hakukuwa sauti ya fsss. Fimbo za kushoto na kuume zilitoka sawasawa. Kule nyuma ya watu nilimuona yule mama wa kwaya, amesimama na fimbo yake, anaangalia mushale kama sisi.

Mzee alisema kutoka chini: «Baba pasta, sasa unaweza kufunga macho.»

Tukaomba.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA NYUMBANI

1. Somea pamoja Kutoka 21:28-29. Mu nyumba yetu ao ku kazi yetu, ni «ng'ombe» gani tumeonywa juu yake na hatujamufunga bado?
2. Kama baba ao kaka yetu angekataa safari kwa sababu ya freni, sisi tungemupokea namna gani?
3. Vijana: mukiwa mu taksibisi na mukisikia freni inalia, mutamuambia shofere maneno gani, na heshima, ili asikie?